UZI: Kutoka kipande hadi kafala, nani anashika karatasi yako?

Jana jioni hapa steji ya Ogembo watu nusura wapigane juu ya hii kazi ya majuu. Mmoja anasema serikali inauza vijana kama mahindi. Mwingine, ambaye kakake hutuma pesa kila mwezi kutoka Minneapolis, anasema wacheni watu watafute. Mimi nilinyamaza, na si kawaida yangu. Nyumbani tuna kesi hiyo hiyo: dada yangu, mtoto wa baba mdogo, ana paspoti tayari, na ejenti amempa hadi mwisho wa mwezi aamue kuhusu Saudi Arabia. Baba mdogo ameshauza ng'ombe.

Kwa hivyo leo twende historia kidogo. Kama kawaida ya hapa, hatutaji mwanasiasa wala chama. Ukitaja kwa comments ni shauri yako.

Wengi hudhani mpango wa serikali wa kuunganisha safari ya kazi na "maendeleo" ulianza juzi. Ulianza na babu zetu. Waingereza walikuja Gusii na bunduki mwaka wa 1905, na 1907 wakaweka kituo chao pale Kisii. Januari 1908 Otenyo akamchoma mkuki afisa wao, kwa kuchochewa na Moraa, nabii ambaye kila mtoto wa huku amesimuliwa habari zake. Jibu lilikuwa nyumba kuchomwa na maelfu ya ng'ombe kuchukuliwa. Baada ya hapo, kodi. Kila nyumba ilipiwe, na kwa pesa taslimu. Sasa niambie, mtu ambaye ng'ombe wake wameenda, hana zao la kuuza, atatoa wapi rupia? Atatembea hadi shamba la mzungu. Kodi ndiyo ilikuwa ejenti wa kwanza.

Vita vya Kwanza vikaleta kubeba mizigo, Kariakoo, ambako watu walishikwa kwa nguvu na wengi hawakurudi. Halafu 1919 serikali ya koloni ikatoa waraka ukiwaagiza maafisa na machifu "kuwahimiza" vijana waende kufanya kazi kwa masetla. Angalia hilo neno, kuhimiza. Chifu akikuhimiza wakati huo, na yeye ndiye anajua ni nani hajalipa kodi, wewe unaenda. Kelele zilipigwa mpaka London, na 1921 waziri wa makoloni akaagiza serikali iache kuwaandikia masetla wafanyakazi. Lakini kodi ilibaki, na kipande kilibaki.

Hapa kwa kipande nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye mambo.

Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutumika baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alibeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoingia kazini na siku aliyotoka. Iliwekwa kwa kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kuandikwa kwingine, na ukitoroka unasakwa kwa hizo alama za vidole.

Magokoro, nyanya yetu, husema babake alikivaa hata akilala. Alikuwa anachuma majani Kericho. Siku moja alipata habari kwamba mama mzazi ni mgonjwa, akaomba ruhusa, mkubwa wake akakataa kutia sahihi. Alipofika nyumbani hatimaye, mama alikuwa ameshazikwa. Hadithi yote ya magokoro ni hiyo. Mshahara hajawahi kuutaja.

Kipande kiliondolewa 1947. Lakini kuna kitu kingine hakisemwi sana kwenye hizi kelele zetu, nacho ni kahawa. Kwa miaka mingi Waafrika walizuiwa kuipanda. Masetla walisema ni kwa sababu ya magonjwa ya mimea na wizi, lakini pia walijua kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakuja kuchuma yao. Miaka ya 1930 kibali kilipotolewa kwa majaribio, Kisii ilikuwa kati ya sehemu za kwanza, pamoja na Meru na Embu. Ukitembea hapa kwetu ukaona nyumba za mawe za zamani, uliza zilijengwa na nini. Mara nyingi utaambiwa kahawa, baadaye pareto na chai. Sisemi watu waliacha kwenda Kericho. Walienda, kwa sababu mashamba yaligawanywa kwa wana na wajukuu mpaka yakawa vipande vya kupanda sukumawiki tu. Lakini aliyekuwa na mibuni alienda akijua anaweza kurudi.

Turudi leo. Katiba ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili. Sera ya diaspora iliandikwa 2014. Safari za wafanyakazi wa nyumbani kwenda Ghuba zilipigwa marufuku 2012, tena 2014, na watu wakaenda tu kwa njia za panya. 2017 mlango ukafunguliwa tena, kwa mikataba na masharti ya kukagua maejenti kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. 2024 tukatia sahihi mkataba na Ujerumani. Mwaka huo huo pesa zilizotumwa nyumbani zilikaribia dola bilioni 5, zaidi ya tunachopata kwa chai yote tunayouza nje. Hapo upande mmoja wa mjadala hupiga makofi na kuondoka.

Ngoja kwanza. Takriban nusu ya hizo pesa hutoka Marekani. Watu wetu wa Minnesota na kwingineko walienda kwa masomo, kwa green card, kwa unesi, harambee ya kijiji ikilipa tiketi. Wengi hawakupelekwa na mpango wowote wa serikali. Kazi ya kutunza wazee kule si rahisi, lakini mwenye green card akichoshwa na mwajiri anahamia mwingine, na paspoti iko kwa droo yake mwenyewe.

Kule Ghuba kuna kafala: ukaazi wako umefungwa kwa mwajiri. Saudi Arabia ililegeza masharti ya kuhama kazi mwaka wa 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje ya mageuzi hayo. Mwaka huo huo Wizara ya Mambo ya Nje yetu ilitaja vifo vya Wakenya 89 huko katika muda wa miaka 2 hivi. Kwa hivyo anayesema "ni utumwa" na anayesema "ni maendeleo" wote wananichosha. Mkataba wa kazi mimi nausoma kwa kutafuta mstari mmoja: huyu mtu akitaka kuondoka, sahihi ni ya nani? Serikali inayojivunia dola inapaswa kuupigania mstari huo kabla ya kuhesabu ajira.

Jumapili tulikaa na dada, baba mdogo na magokoro, tukampigia ejenti simu na kuiweka kwa spika. Nikamuuliza kama amesajiliwa. Akatoa namba, tukaangalia, kweli yuko. Nikamuuliza kwa nini tunalipa, wakati kwa kazi ya nyumbani kule viza na tiketi zinapaswa kuwa juu ya mwajiri. Akasema ni pesa za "kufuatilia". Magokoro akaomba simu. Akamuuliza kwa Ekegusii, pole pole, mtoto akiambiwa mama ni mgonjwa, nani anampa ruhusa ya kurudi?

Akasema atapiga baadaye. Leo ni siku ya 4.