Mtu wa Kiti K1

Nilipowasilisha pendekezo la tasnifu yangu ya uzamili kuhusu misimu ya vijana, mjumbe mmoja wa jopo aliniuliza, "Haya maneno ya kijiweni yatakulisha?" Watu wakacheka. Nilikosa jibu. Baadaye nikamsoma Eric Partridge.

Partridge alizaliwa New Zealand mwaka 1894, akahamia Australia akiwa kijana, kisha akapigana Vita Kuu ya Kwanza akiwa askari wa miguu. Kwenye mahandaki alisikia Kiingereza ambacho hakikuwamo vitabuni: mizaha, matusi, majina ya chakula kibovu na ya kifo. Vita vilipokwisha alisoma Oxford, akafundisha chuo kikuu kwa muda mfupi, akaacha. Mwaka 1927 alianzisha London kampuni ndogo ya uchapishaji, Scholartis Press. Mwaka 1930 ilitoa kitabu cha nyimbo na misimu ya askari wa Uingereza, alichokiandaa na John Brophy, askari mwenzake wa vita hivyo. Mwaka 1931 kampuni ikafa, uchumi ukiwa umeanguka.

Tangu hapo, ukiondoa miaka ya Vita vya Pili, aliishi kwa kalamu yake. Kwa miongo kadhaa alikaa kiti kilekile, K1, katika ukumbi wa kusomea wa British Museum. Mwaka 1937 ikatoka kamusi yake kubwa ya misimu: maneno ya wezi, mabaharia, wanafunzi na wachuuzi. Matusi mazito yalichapwa na kinyota mahali pa irabu.

Wanaisimu walimkosoa, na kwa haki. Mara nyingi alikisia asili ya neno bila ushahidi. Nadhani anayekula kwa vitabu anavyouza hana nafasi ya kungoja miaka kumi kwa ajili ya neno moja. Hata hivyo aliendelea kuiongeza kamusi hiyo toleo baada ya toleo, akafariki mwaka 1979.

Daladala nalo lilikuwa neno la mtaani Dar es Salaam, kutokana na dala, yaani shilingi tano za nauli. Leo limo kwenye kamusi, na hakuna jopo linalolicheka.

Kwa hiyo nimechukua bidii ya Partridge na onyo lake. Kila neno ninalolisikia nalitia kwenye daftari pamoja na tarehe, mahali, na umri wa aliyelisema. Swali la kula bado sijalijibu.