Kukata na Kuwasha Biri: Somo Nililolipata Havana



Mhariri aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, nilijua kwamba wengi mngetazamia habari za mabweni, mpira na uji wa asubuhi. Hizo wataeleza wengine. Mimi nataka kueleza jambo nililofundishwa mbali na hapa, nikiwa mtu mzima, ambalo hata hivyo lilinirudisha katika shamba la shule yetu. Ni habari ya biri, yaani ile sigara nene inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku.

Niseme wazi kwanza kwa vijana mlio madarasani: simhimizi mtu kuvuta. Mimi ni daktari mstaafu. Moshi wa biri huleta saratani ya kinywa, koo, umio na mapafu, hata kwa yule asiyeumeza. Katika maisha yangu nilijaribu biri moja tu, nayo sikuimaliza. Lakini kukijua kitu si lazima kukitumia.

Mwaka 1983 nilikuwa Havana, mji mkuu wa Kuba, nikisomea udaktari. Jumapili moja mwanafunzi mwenzangu, mwenyeji wa mji huo, alinikaribisha kwao. Baba yake alikuwa msokotaji wa biri kiwandani kwa miaka zaidi ya 30. Baada ya chakula mzee alileta biri mbili, akanipa moja. Nami kwa kuona haya kusema kwamba sijui, nikaing'ata kichwa kama ninayemenya muwa, kisha nikaiwasha kwa kiberiti cha petroli. Jani la nje likaanza kufumuka, tumbaku ikanijaa mdomoni, na ladha yote ikawa ya petroli. Mzee hakucheka. Aliokota vile vipande kimoja kimoja sakafuni, akaviweka kiganjani, akasema, "Mwanangu, kwanza ujue kitu hiki kimetengenezwaje."

Akanieleza kwamba biri ina sehemu tatu. Katikati yamo majani ya ndani, yanayochanganywa ili kupata nguvu, harufu na mwako mzuri. Majani hayo hushikwa na jani la kufungia. Juu ya yote huvingirishwa jani la nje, lililo laini na zuri kuliko mengine. Tumbaku iliyo bora hutoka Vuelta Abajo, katika mkoa wa Pinar del Río, magharibi mwa Kuba. Msokotaji hufanya kazi kwa vidole vyake, ubao na kisu kipana kisicho na mpini. Mwisho hukata kipande kidogo cha jani, akakibandika kichwani pa biri kama kofia. Kofia hiyo ndiyo inayolizuia jani la nje lisifumuke.

Kwa hiyo basi, anayeanza na akate kofia peke yake, kiasi cha milimita mbili, juu ya mstari ule kofia inapokutana na mwili wa biri. Akishuka chini ya mstari huo, biri yote itafumuka, kama yangu ilivyofumuka. Akikata kidogo mno, moshi hautapita. Kikatio kiwe kikali, na mkono ukate mara moja bila kusitasita, maana kikatio butu huchana jani.

Kuwasha nako kuna taratibu zake. Mafuta ya petroli huharibu ladha, kwa hiyo hutumika njiti ndefu ya kiberiti au kijiti chembamba cha mti wa mwerezi. Njiti ikiwashwa, ungoje kwanza baruti ya kichwani iungue yote. Kisha mguu wa biri, yaani ule upande ulio wazi, huwekwa juu ya ncha ya moto bila kuugusa, huku ukizungushwa polepole mpaka ukingo wote uwe mwekundu. Baada ya hapo ndipo biri hutiwa mdomoni na kuvutwa taratibu, ikiendelea kuzungushwa. Ikiwaka upande mmoja tu, itaungua kombo mpaka mwisho.

Nilimwuliza mzee alijifunzia wapi kueleza mambo vizuri namna ile. Akanijibu, "Kiwandani, kwa msomaji." Hapo ndipo nilipopata historia yenyewe ninayotaka kuwaachia.

Tumbaku ni ya kale Kuba. Wataino, wenyeji wa kisiwa hicho, walikuwa wakivuta majani yaliyosokotwa kabla mabaharia wa Columbus hawajafika mwaka 1492. Katika karne ya 19 viwanda vikubwa vilijengwa Havana, na wasokotaji walikaa safu kwa safu kutwa nzima. Wengi wao hawakujua kusoma. Mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro, walianza desturi mpya: mtu mmoja aliketi mahali pa juu akawasomea wenzake kwa sauti wakati mikono yao ikifanya kazi. Ujira wake waliuchanga wao wenyewe kutoka mifukoni mwao. Walisomewa magazeti, riwaya na vitabu vya siasa.

Watawala wa Kihispania waliingiwa na hofu, wakapiga marufuku usomaji huo mwaka 1866. Haukufa. Wasokotaji waliohamia Key West na Tampa, huko Marekani, waliuendeleza. José Martí alipofika Tampa mwaka 1891 kutafuta msaada wa kupigania uhuru wa Kuba, aliwakuta wafanyakazi hao wakiwa tayari wanayaelewa mambo ya dunia, nao walimchangia fedha zao. Vita vya uhuru vilianza Februari 1895. Hata majina ya biri yanashuhudia usomaji huo: biri za Montecristo, zilizoanza mwaka 1935, zilipewa jina kutokana na riwaya ya Alexandre Dumas iliyopendwa sana na wasokotaji.

Baba yake yule mzee, aliyekuwa msokotaji pia, hakukanyaga darasa hata siku moja, lakini riwaya hiyo aliijua sura kwa sura.

Nilipoyasikia hayo niliwakumbuka ninyi, wenzangu. Mnakumbuka tulivyokuwa tukipukuchua mahindi ya shamba la shule, na mmoja wetu akitusomea gazeti mpaka jioni? Sisi tulidhani ni njia ya kupitisha muda. Wengine tulitamani zamu ya kusoma ili tuepuke malengelenge tu! Kumbe tulikuwa tukifanya jambo ambalo watu wa Kuba walilichangia kwa jasho lao, na ambalo serikali yao ililitangaza mwaka 2012 kuwa urithi wa utamaduni wa taifa.

Nimeambiwa kwamba siku hizi mahindi yetu hupukuchuliwa kwa mashine. Hilo ni jema. Lakini kazi za mikono bado zipo: jikoni, bustanini, kwenye usafi wa mabweni. Vijana, chagueni msomaji wenu. Sisi wazee tutachanga vitabu, na mimi ninaanza na viwili siku ya mkutano.

Na yeyote atakayepewa kitu asichokijua, aulize kabla hajaking'ata. Kuuliza si ujinga.