Piriton haitibu ubongo uliovimba

Mtu akiumwa na nyuki na mdomo ukamvimba, humezeshwa Piriton, na aghalabu uvimbe hunywea. Kwa sababu hiyo, wapo wanaodhani kwamba tembe hiyo itamfaa pia aliyegonga kichwa baada ya kuanguka kutoka kwenye bodaboda. La hasha!

Histamini ni kemikali ya mwili ambayo hulegeza kuta za mishipa midogo ya damu, maji yakavuja na kuvimbisha nyama. Hufanya kazi kwa kujishikiza kwenye vipokezi, ambavyo ni vya aina 4. Piriton huziba vile vya H1. Simetidini, dawa ya vidonda vya tumbo ambayo ilichangia James Black kutunukiwa Nobel mwaka wa 1988, huziba vya H2. Katika majaribio ya panya walioumizwa ubongo kwa joto kali, dawa za H2 zilipunguza uvimbe, ilhali mepiramini, ya H1, haikufua dafu.

Hayo ni ya panya. Hospitalini, binadamu hutiwa manitoli au maji ya chumvi kali mshipani, pengine akapasuliwa, maana fuvu halipanuki.

Hatari ya Piriton ni kwamba hupenya hadi ubongoni na kuleta usingizi, na usingizi ndio dalili ambayo daktari huichunga sana. Majeruhi anayesinzia, anayetapika tena na tena au ambaye maumivu ya kichwa yanamzidia apelekwe hospitalini papo hapo, hata ikiwa ni saa nane usiku.