Out of Africa: Penzi lililozimikia Voi, na mlima ambao kamera haikuuona

MSAFIRI atokaye Voi kwenda kijiji cha Makwasinyi huuona mlima Kasigau muda mrefu kabla ya kuufikia. Mlima huo wenye kimo cha mita 1,641 umesimama pweke nyikani, kilomita 50 hivi kusini mwa mji, na Makwasinyi ni mojawapo ya vijiji vitano vilivyouzunguka. Katika nyika hiyo ndiko lilikozimikia penzi ambalo ulimwengu mzima ulikuja kulililia katika majumba ya sinema.

Asubuhi ya Mei 14, 1931, mwindaji Mwingereza Denys Finch Hatton, aliyekuwa amefika Voi kutafuta ndovu kutoka angani, alipaa kwa ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth. Ndege ilizunguka, ikaanguka karibu na uwanja na kuteketea. Finch Hatton alikufa akiwa na umri wa miaka 44, pamoja na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Mwindaji huyo alizikwa siku iliyofuata katika milima ya Ngong.

Mkasa huo ndio kilele cha Out of Africa, filamu iliyoongozwa na Sydney Pollack na kutolewa Desemba 1985. Meryl Streep aliigiza Karen Blixen, mwanamke kutoka Denmark aliyelima kahawa Ngong, naye Robert Redford akawa Finch Hatton. Ilinyakua tuzo saba za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Redford alifariki Septemba 2025 akiwa na umri wa miaka 89, na hiyo ni sababu tosha ya kuitazama upya.

Anayekirejelea kitabu cha Blixen, kilichochapishwa mwaka 1937, huenda akashangaa. Si riwaya bali ni kumbukumbu, na mapenzi yenyewe hayatajwi waziwazi. Finch Hatton anaingia na kutoka kama rafiki mpendwa, basi. Penzi la kwenye sinema lilijengwa pia kutokana na vitabu vya wasifu vilivyoandikwa baadaye na Judith Thurman na Errol Trzebinski. Hata habari za kifo zimebadilishwa: katika filamu Karen anaambiwa na Bror, aliyekuwa mumewe, ilhali kitabuni anaambiwa na Bi McMillan baada ya chakula cha mchana jijini Nairobi, mji mzima ukiwa umemkwepa tangu asubuhi. Kimya hicho cha watu wanaojua na hawasemi kinauma kuliko chochote alichobuni Pollack.

Hata hivyo, filamu ina uzuri wake. Muziki wa John Barry bado unasisimua, na safari ya wapenzi hao wawili angani, mkono wa Karen ukinyooshwa nyuma kuushika wa Denys, haijachuja. Wapenzi wa muziki nchini watamtambua pia kijana Job Seda katika nafasi ya Kanuthia, msaidizi wa Denys. Ndiye aliyekuja kuvuma kwa jina Ayub Ogada na wimbo wake Kothbiro, hadi alipofariki mwaka 2019.

Lakini ni safari hiyo ya angani inayozua swali. Kutoka juu, nchi inaonekana tupu, kana kwamba inawasubiri wapenzi hao waje kuitazama. Marehemu Ngugi wa Thiong'o alikikashifu kitabu cha Blixen kwa namna kinavyomchora Mwafrika. Filamu nayo, kwa huruma zake zote, haimzungumzii Kamau aliyeteketea Voi.

Vita Vikuu vya Kwanza vimo katika filamu: Karen anaongoza mikokoteni ya ng'ombe kupeleka vifaa kwa wanajeshi. Ni sehemu ya kusisimua, na inapita upesi. Huku Taita Taveta vita havikupita upesi. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, wakawa wakivuka nyika kuhujumu reli ya kwenda Mombasa. Mwaka 1915 Waingereza waliwatuhumu wenyeji wa Kasigau kuwa waliwasaidia maadui, wakawaondoa mlimani, wanawake na watoto wakiwemo, na kuwapeleka uhamishoni Malindi. Wengi walikufa huko kwa maradhi. Walionusurika hawakuruhusiwa kurejea katika vijiji vyao hadi katikati ya miaka ya 1930.

Blixen naye aliipoteza ardhi yake mwaka 1931, shamba lilipouzwa kwa sababu ya madeni, na machozi ya Streep akiiaga nyumba yake ni miongoni mwa mambo yanayokumbukwa zaidi katika filamu hiyo. Nyumba halisi ilifunguliwa kuwa makavazi mwaka 1986, na mtaa wote ukaitwa Karen.

Asubuhi ile moshi ulipopanda juu ya uwanja wa Voi, wenyewe wa Kasigau walikuwa bado ugenini, mwaka wa 16 tangu watolewe kwao.