Monasteri ya Mtakatifu Stefano, Hayq

Monasteri ya Mtakatifu Stefano ya Hayq (kwa Kige'ez: Debre Hayq Estifanos) ni monasteri ya wanaume ya Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia. Iko katika Ziwa Hayq, mkoa wa Amhara, kilomita 30 hivi kaskazini kwa mji wa Dessie. Zamani ilikuwa kisiwani. Siku hizi kisiwa kimeungana na nchi kavu na kuwa rasi. Wanawake hawaruhusiwi kuingia.

Historia

Mapokeo yanasema kanisa la kwanza lilijengwa hapo katika karne ya 9. Habari zilizo wazi zaidi zinaanza mwaka 1248 hivi, alipofika Iyasus Mo'a, mmonaki aliyelelewa Debre Damo, kule Tigray. Alikusanya vijana, akawafundisha kusoma, kunakili vitabu na kuishi kimonaki. Hivyo umuhimu wa Hayq ulikuwa hasa ule wa shule. Tekle Haymanot, mwanzilishi wa monasteri iliyokuja kuitwa Debre Libanos, alisoma hapo miaka kadhaa; Hiruta Amlak alitoka hapo akaanzisha Daga Estifanos katika Ziwa Tana. (Zote mbili zina jina la Stefano, msomaji asizichanganye.)

Inasimuliwa pia kwamba Iyasus Mo'a alimsaidia Yekuno Amlak kutwaa ufalme mwaka 1270. Simulizi hilo limo katika kitabu cha maisha yake kilichoandikwa muda mrefu baada ya kifo chake, basi lisomwe kwa tahadhari. Lililo hakika ni kwamba abati wa Hayq alikuwa na cheo cha aqabe sa'at, yaani mtunza saa, kilichompa sauti kubwa mbele ya mfalme.

Cheo hicho hakikuizuia vita. Mwaka 1532 hivi jeshi la Imamu Ahmad ibn Ibrahim lilifika ziwani. Wamonaki walitegemea maji yawalinde, lakini askari waliunda vyelezo, na hazina ya monasteri ikachukuliwa. Baadaye uongozi wa wamonaki wa Ethiopia ulishikwa na Debre Libanos, yaani nyumba ya mwanafunzi wa Hayq yenyewe.

Kitabu cha Injili

Kilichosalimika kina thamani kuliko dhahabu: kitabu cha Injili nne ambacho Iyasus Mo'a aliipatia monasteri mwaka 1280 au 1281, chenye picha yake mwenyewe. Ni kati ya miswada ya kale zaidi ya Ethiopia yenye tarehe. Katika nafasi zilizoachwa wazi, waandishi wa baadaye waliandika mashamba na vitu vilivyotolewa kwa monasteri, na wanahistoria wanazitumia kumbukumbu hizo hadi leo.