Miaka 28 akichora sinema moja

Juzi nilikuwa Tabora kikazi, nikachepuka hadi Kwihara kuona tembe alimokaa Livingstone. Hapo ndipo Stanley alipomwacha Machi 1872. Alimsihi warudi wote Uingereza, mzee akakataa: chanzo cha Nile hakijapatikana, kazi haijaisha. Akangoja wapagazi kutoka pwani miezi mitano, akaondoka Agosti, na mwaka uliofuata akafia Chitambo, Zambia ya leo. Nikiwa kwenye bodaboda kurudi mjini, aliyenijia kichwani alikuwa mchora katuni, Richard Williams.

Wadau wengi mmeona kazi yake bila kumjua. Ndiye aliyeongoza uchoraji wa katuni katika Who Framed Roger Rabbit ya 1988, akapata Oscar. Mzaliwa wa Toronto huyu, aliyekuwa na studio London, alianza mwaka 1964 sinema yake mwenyewe kuhusu Mulla Nasrudin. Sisi tuliokua na Abunuwasi tunamfahamu Nasrudin kwa jina jingine tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akagombana na familia ya Idries Shah, mwandishi wa vitabu vya visa hivyo. Nasrudin akaondolewa, kilichobaki kikawa The Thief and the Cobbler, hadithi ya mwizi na fundi viatu.

Sasa piga hesabu. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde. Wachoraji wengi hutumia kila mchoro mara mbili, hivyo 12 hutosha. Williams alitaka 24. Hiyo ni michoro 1,440 kwa dakika, kwa mkono, na hapo ni mhusika mmoja tu! Fedha alizitoa kwenye matangazo ya biashara aliyochora mchana. Ken Harris, mkongwe aliyemchora mwizi, alifariki 1982 sinema ikiwa bado mezani.

Baada ya Roger Rabbit, Warner Bros. wakaingia, wakaja na tarehe ya mwisho. Ikapita. Mei 1992, zikiwa zimebaki kama dakika 15, kampuni iliyodhamini ukamilishaji ikamnyang'anya kazi. Fred Calvert akaimalizia haraka haraka, akapachika na nyimbo. Novemba hiyo hiyo Disney wakatoa Aladdin. Kwa hiyo Wamarekani walipoiona hatimaye mwaka 1995, iliyoanza 1964 ndiyo ikaonekana imeiga.

Wengi humwonea huruma. Mimi nusu nusu. Kwa miaka mingi alichora bila mpangilio kamili wa hadithi, akinogesha tukio moja badala ya kutafuta mwisho. Mhariri wangu asingemvumilia hata wiki. Ila mtazame yule mwizi akipenya katikati ya magurudumu ya mashine ya vita, halafu uniambie ungekata wapi.

Desemba 2013 aliionyesha Los Angeles kama ilivyokuwa siku aliyonyang'anywa, sehemu zisizoisha zikiwa bado za penseli. Alifariki Agosti 2019.