Maji na Jina Lake

Msafiri atokaye Biharamulo akapita Ngara hadi daraja la Rusumo huvuka mpaka wa nchi pasipo kuvuka mpaka wa lugha. Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, na neno la chumbani halidaiwi hati ya kusafiria. Ng'ambo ya mto Kagera neno hilo ni kunyaza. Upande huu, kwa Wahaya hasa, ni katerero, jina ambalo Pwani hulitaja kwa kicheko. Jambo ni moja: mume hubisha mlangoni kabla ya kuingia, akigonga kinembe kwa mapigo mepesi yasiyokatika, hata mke amwage maji.

Wanyarwanda husimulia kwamba mfalme alikwenda vitani, malkia akamwita mlinzi wake, Kamagere. Yule mtu alitetemeka kwa kuhofia shingo yake, asiweze kuingia, na mtetemo huo ndio uliofungua chemchemi. Ni ngano, si tarikhi. Ila ngano hii imempa malkia raha na mwanamume hofu, jambo adimu katika ngano.

Maji hayo ni nini? Mholanzi Reinier de Graaf aliyaandika mwaka 1672, naye Alexander Skene akaeleza vitezi vya kando ya njia ya mkojo mwaka 1880. Wengine walisema ni mkojo tu, na wanawake wakatahayari. Mwaka 2014 madaktari wa Ufaransa waliwapima wanawake 7 kwa ultrasaundi: kibofu kilichokuwa kitupu kilijaa wakati wa ashiki, kikawa kitupu tena maji yalipomwagika. Wajapani, mwaka 2022, walitia rangi ya buluu kibofuni, na maji yakatoka buluu. Hata hivyo, kwa 5 kati ya wale 7 wa Ufaransa, maji yalichanganyika na dalili ya vitezi vya Skene, ambavyo huweza kutoa ute wao wenyewe, mchache na mweupe.

Lugha ilikwisha kusema. Kunyara ni kukojoa. Kunyaza ni kukojoza. Wenyewe hawakuona aibu katika neno hilo.

Aibu iliingia kwa mlango mwingine, maji yalipofanywa kipimo. Huko Rwanda mke asiyemwaga amedharauliwa kuwa mkavu, akatafutiwa dawa za miti, ilhali wanawake wengi hufika kileleni bila tone. Daktari Mnyarwanda Nsekuye Bizimana alipoieleza desturi hiyo katika jarida la Sexologies mwaka 2010, aliliacha neno kunyaza lilivyo. Na kichwa cha makala yake kilitaja kilele cha mwanamke, si maji.